Orodha Tatu za Maneno Kumi

Siku ile tulikuwa watu watano sebuleni kwangu, Langley Park, Maryland, Amerika. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, kiungo wa timu, amekaa kwenye kochi na kofia ameishusha hadi kwenye nyusi kwa sababu mwanga ulimsumbua. Alikuwepo mtabibu wa timu yao, mama Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu na kukikomaza kwa mwaka mmoja Morogoro. Alikuwepo kipa wao, Mkenya, aliyemleta mtabibu kwa gari lake na kukataa kuketi. Alikuwepo jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa watu kutoka Tanga, aliyeleta uji akabaki. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni, nimeshika kitambaa cha vyombo. Nawataja wote kwa sababu mdogo wangu hupenda kusema kwamba siku ile alikuwa peke yake na yule mama. Hakuwa peke yake.

Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi palikuwa na mechi. Mdogo wangu alikuwa hajaenda mazoezini siku mbili, akisema tumbo linamsumbua. Kipa hakuamini habari ya tumbo. Kipa ndiye anayemwona kiungo mgongoni dakika zote tisini, na alikuwa amemwambia mtabibu kwamba huyu mtu siku hizi anauliza tunashambulia upande gani.

Mtabibu alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, akaketi kwenye kiti cha mbao mbele ya mdogo wangu na ubao wake wa kuandikia juu ya magoti.

"Nitakusomea maneno kumi," alisema. "Halafu utanirudishia yale unayokumbuka. Kwa mpangilio wowote."

"Najua, mama," mdogo wangu alisema.

Akasoma taratibu: ndizi, kamba, dirisha, sindano, moshi, kiatu, mlima, sabuni, ngoma, jiwe. Alipomaliza tu, mdogo wangu akayarudisha yote kumi, kwa mpangilio uleule, bila kusita popote.

"Mashallah," jirani yangu alisema. "Hata pumzi havuti. Kama mtoto wa chuoni na juzuu yake."

"Huyu jamaa ni kompyuta, mama," kipa alisema. "Shida ni hiyo kompyuta uwanjani haiwaki."

"Wewe nyamaza, unafungwa mabao ya mbali," mdogo wangu alimjibu, na wote tukacheka, hata mtabibu. Kisha akampa tarakimu za kusema kinyumenyume. Akazisema. Akamsimamisha kwa mguu mmoja. Akayumba kidogo, si sana. Mtabibu aliandika, akahesabu, akatazama karatasi yake kwa muda.

"Alama zako ni nzuri kuliko za Machi," alisema. "Kabla hujagongwa hata mara moja."

Alilisema jambo hilo kama habari njema. Mimi nilikuwa nakunja kitambaa mara nne, nakikunjua, nakikunja tena.

Nilizaliwa Uvira. Mdogo wangu alizaliwa Ufaransa, kwenye maghorofa ya nje ya Lyon, baba alipokwisha kututangulia na kutuita. Tupo wawili tu. Baba alifariki mdogo wangu akiwa na miaka minne, mama akafuata alipokuwa na minane. Mimi nilikuwa na kumi na saba, mwaka mmoja tu kabla ya mtihani wa mwisho wa shule. Mama mdogo, aliyekuwa akiishi Ubelgiji na watoto wake sita, alitia saini karatasi za mahakama za kuwa mlezi wetu. Mlezi wa karatasi alikuwa yeye, wa nyumbani nilikuwa mimi. Niliacha shule nikaenda kusafisha ofisi. Mwalimu wangu wa historia alinifuata mpaka nyumbani mara mbili kunishawishi nirudi. Mara ya pili sikumfungulia mlango, nilisimama nyuma yake nikisubiri aondoke.

Mdogo wangu alichukuliwa na kituo cha vijana cha mpira akiwa na miaka kumi na mitatu. Watu wakisikia "mchezaji wa Ufaransa" wanadhani ni magari na picha za magazeti. Kazi yake haikuwa hivyo. Alikuwa kiungo wa chini, yule anayesimama mbele ya mabeki, anayepokea mpira akiwa ameupa mgongo upande wa adui. Kocha wake wa utotoni alimfundisha kutupa jicho bega la kulia na la kushoto kabla mpira haujamfikia, ili ajue tayari nani yuko wapi. Alifanya hivyo mpaka ikawa tabia, hata dukani, hata akivuka barabara. Aliwahi kuitwa wiki moja kwenye kambi ya vijana ya taifa, akarudi bila kucheza. Akacheza daraja la pili misimu minne, daraja la tatu miwili, Ubelgiji mmoja. Kila mwaka begi, kila mwaka nyumba ya kupanga iliyo na vyombo vya watu wengine. Mimi nilikuwa nimeshakuja Amerika kwa bahati nasibu ya viza, nafanya kazi ya vyumba hotelini Alexandria. Klabu ya huku ilipomsajili akiwa na miaka ishirini na tisa, nilihama kutoka Alexandria nikapanga Langley Park ili awe karibu na uwanja wao wa mazoezi, upande wa Greenbelt. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na nikaanza tena kumpikia.

Yeye huniita yaya, yaani dada mkubwa, kama kwetu. Jirani yangu alicheka siku ya kwanza aliposikia. "Kwetu yaya ni mtu wa mshahara," aliniambia. "Wewe unalipwa na nani?"

Mwezi wa Machi, kabla ya msimu, kila mchezaji hupimwa kichwa akiwa mzima, ili akigongwa baadaye pawe na cha kulinganisha. Ile sehemu ya kompyuta mdogo wangu aliifanya kwa Kifaransa. Lakini ile ya mdomo, ya pembeni mwa uwanja, inasomwa na mtabibu, na Kiingereza cha mdogo wangu kilikuwa bado kinachechemea. Mtabibu alijaribu kumsomea kwa Kifaransa, naye mdogo wangu akacheka mpaka akashika mbavu. Ndipo yule mama akapata wazo. Kiswahili anakisema vizuri, na mdogo wangu, ambaye mara nyingi huchanganya Kifaransa akijibu, Kiswahili cha nyumbani anakisikia chote. Akaja kwangu Jumapili moja na karatasi: orodha tatu za maneno kumi kumi, na safu za tarakimu.

"Nitafsirie, dada," aliniambia. "Maneno mepesi, ambayo wa kwenu na wa Morogoro wote wanayajua. Lakini zibaki kwako. Mtihani ukijulikana umekufa."

Nilifurahi sana kuombwa. Tulikaa mezani kwa saa mbili tukibishana kama tuseme hili au lile, na nilipomaliza nikamwandikia nakala safi. Nakala chafu ilibaki kwenye daftari langu. Sikuibakiza kwa nia mbaya. Sijawahi kutupa daftari.

Mwezi wa Aprili mdogo wangu aligongwa mara ya kwanza. Mpira wa kipa wa wapinzani ulipaa, yeye na mtu mwingine wakaruka, vichwa vikakutana. Alipopimwa alikumbuka maneno manne kati ya kumi. Wakamweka nje wiki nne. Katika wiki hizo kijana wa miaka ishirini na mmoja akachukua nafasi yake, na kocha akamwambia mdogo wangu kwamba habari ya mkataba wake itaamuliwa Agosti. Mdogo wangu alikuja kukaa kwenye lile kochi, mikono katikati ya magoti.

"Yaya, mimi nitafanya nini?" alisema. "Sijui kitu kingine. Toka miaka kumi na tatu niko na mupira tu."

Lazima niandike kilichofuata kama kilivyokuwa. Si yeye aliyeomba. Ni mimi niliyekwenda chumbani nikaleta daftari.

"Mtihani unasomewa," nilimwambia. "Ulikwenda bila kusoma, ndiyo maana ulifeli."

Alitazama ukurasa. "Hii si kudanganya?"

"Ni kujiandaa."

Mtu aliyemaliza shule, nadhani, angejua tofauti ya mtihani unaopima ulichojifunza na mtihani unaotazama tu kama umeumia. Mimi mtihani niliujua wa aina moja, ule ambao sikuwahi kuufanya, na kwa miaka ishirini na mitatu niliamini kwamba kilichonitenganisha na watu wengine ni kule kutoufanya. Sikumwacha mdogo wangu aanguke kwenye mtihani wakati majibu ninayo mezani.

Nilimfundisha kama mama alivyotufundisha kuhesabu, akitwanga sombe, kisamvu cha kwetu, kila neno na pigo lake. Mimi nilipiga kijiko mezani. Ndizi, kamba, dirisha. Orodha ya kwanza siku nne, ya pili siku nne, ya tatu siku nne, halafu tarakimu. Asubuhi kabla hajaenda mazoezini, mchana akirudi. Mara nyingine nilimsindikiza kwenye basi, na pale tulipokwama kwenye ujenzi wa reli nilimuuliza kwa sauti ya chini: orodha ya pili, anza. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Wiki zile mbili nilikuwa mwalimu, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tangu nimefika nchi hii. Hilo nalo ni kweli.

Mwezi wa Juni aligongwa mara ya pili, kiwiko sikioni. Nilikuwa jukwaani. Nilimwona mtabibu amechuchumaa pembeni mwa uwanja akimsomea, nikamwona mdogo wangu anajibu, midomo yake inakwenda kwa mwendo wa kijiko changu. Mtabibu akainua kidole gumba kwa kocha. Nikapiga makofi. Akarudi ndani akacheza dakika zote zilizobaki, na akacheza mechi tatu zilizofuata, na katika mechi hizo, kama kipa alivyosema, aliacha kutazama mabega.

Nyumbani vilianza vitu vidogo. Aliweka birika tupu jikoni likaungua kitako. Alishuka kituo kisicho chake akakaa kwenye benchi mpaka nikaenda kumchukua. Nilijiambia ni uchovu. Kisha mama mdogo akafariki Ubelgiji. Wanawe walinipigia Jumatatu asubuhi, nami nikamwambia mdogo wangu akinywa chai, akalia sana, kwa sababu kwake yule ndiye aliyebaki na sura ya mama. Jumanne asubuhi, chai ileile, aliniuliza:

"Yaya, mama mudogo tutamupigia lini? Kitambo hatujamusalimia."

Nilimwambia upya. Akalia upya, machozi yaleyale, maneno yaleyale. Mchana akauliza tena. Nikamjibu kwamba amelala, tutampigia baadaye. Kisha, sijui ni nini kilinituma, nikachukua kijiko nikakigonga mezani mara moja. Maneno kumi yakatoka. Sikumwambia orodha ipi, alianza tu ya kwanza akaimaliza, akaniangalia kama mtoto anayengoja asifiwe.

Hapo nilielewa nilichokifanya. Yale maneno nilikuwa nimeyapigilia mahali ambapo kiwiko cha mtu hakifiki. Mama mdogo wetu alikuwa ametoka kichwani mwake, lakini sabuni, ngoma na jiwe vilikuwa vimekaa imara, na mtabibu alikuwa akionyeshwa hivyo. Nilielewa Jumanne. Alhamisi, watu watano sebuleni, nilikuwa bado sijamwambia mtu.

Mtabibu alifunga ubao wake. Kipa alitangulia chini kuwasha gari. Nilimsindikiza yule mama mpaka kwenye korido, akainama kuvaa viatu huku mkono mmoja ameegemea ukuta.

"Sielewi," alisema. "Macho yake hayanipendezi. Lakini karatasi inasema yuko sawa, na kocha anaitaka hii karatasi leo. Dada, wewe ndiye unaishi naye. Nikisaini, Jumamosi anacheza."

Alikuwa amefunga kamba za kiatu kimoja. Nilifikiria Agosti, na mkataba, na mdogo wangu kwenye kochi akiniuliza atafanya nini. Nilifikiria pia kwamba nikisema, huyu mama atajua mimi ni mtu wa namna gani, yeye aliyeniletea karatasi zake kwa sababu aliniona mtu wa kuaminika.

"Muulize maneno mengine," nilisema.

"Mengine yapi?"

"Ambayo sikuyaandika mimi."

Hakuelewa mara moja. Kisha nikaona anaelewa, taratibu, kuanzia mdomoni kwenda juu.

"Orodha ya kwanza tu?"

"Zote tatu. Na tarakimu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivua kile kiatu, akarudi ndani, akaketi tena kwenye kiti cha mbao.

"Samahani, nimesahau kitu," alimwambia mdogo wangu. "Maneno kumi tena. Tayari?"

"Tayari."

Akayachukua maneno palepale, macho yake yakizunguka chumba. Pazia, bakuli, kalenda, mto, funguo. Aliendelea mpaka kumi. Aliponyamaza, mdogo wangu alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa ndizi. Akaacha. Akasema pazia. Akafikiri. Akasema kamba. Jirani yangu, aliyekuwa amekaa karibu yake, alichukua taratibu bakuli la uji kutoka mbele yake, akalishika mapajani kama mtu anayeficha jibu.

"Tuliza moyo," mtabibu alisema. "Nyingine?"

Mdogo wangu alinitazama mimi. Nilikuwa na kitambaa tu mkononi, sikuwa na kijiko. Akasema kitu kwa Kifaransa, kwamba haya si yenyewe.

Kipa alipanda ngazi kuona tumechelewa nini. "Vipi, tunasonga?" aliuliza, akasimama pale mlangoni na funguo zake mpaka akaelewa na yeye.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Hospitali siku ileile, mashine za kupiga picha za kichwa, daktari bingwa aliyeniomba niketi kabla hajaanza kusema. Hakuna mpira tena, si msimu huu, si popote. Kama angecheza Jumamosi ile na kugongwa mara moja zaidi, daktari alisema, tusingekuwa tunazungumza naye. Agosti mkataba uliisha wenyewe. Miaka kumi na tisa ya mpira iliishia kwenye begi moja ambalo kipa alilileta, jezi zimekunjwa vizuri, na akakaa kwenye kochi na mdogo wangu siku nzima wakitazama mechi kwa kuzisikiliza, skrini imefunikwa shuka.

Klabu iliuliza ilikuwaje mtu mwenye kichwa kile akapata alama kamili Juni. Mtabibu aliandika kwamba orodha zilitoka mikononi mwake zikaenda kwa mtu asiyehusika, na kosa ni lake. Hilo ni kweli nusu. Hakuandika nani aliyezifundisha, wala ilichukua siku ngapi. Waliniita mara moja kunihoji, wakaniuliza kama nilitafsiri. Nikasema ndiyo, nilitafsiri. Hawakuuliza zaidi na mimi sikuongeza. Yule mama akaondolewa kwenye timu. Sasa anafanya kazi katika shule ya sekondari, Maryland hukuhuku, anawafunga watoto bandeji kwenye vifundo vya miguu.

Mdogo wangu anaendelea vizuri kuliko walivyotuambia. Anavumilia mwanga. Anakwenda peke yake kununua unga wa muhogo na anarudi na unga wa muhogo. Asubuhi anamsaidia jirani yetu kushusha mizigo ya duka lake la vitambaa, na jirani humwambia kwa kuwa amezoea kukimbia bila kufika popote, basi hapa walau anafika ghorofa ya pili. Huwa anacheka. Kwamba mama mdogo amefariki anajua, amekaa na hilo mpaka limetulia kichwani.

Lakini kuhusu Alhamisi ile ana hadithi yake. Kwamba yule mama alikuwa amempitisha, karatasi ziko tayari, halafu akarudi na maneno ya mtego kwa sababu hakuwahi kumsamehe kwa kucheka Kifaransa chake. "Alinimaliza," husema. "Niliwapita wote, yaya, ulisikia mwenyewe. Akarudi kunimaliza." Za wiki zile mbili na kijiko hasemi kitu. Sijui kama kiwiko kilizichukua au kama anazo na ananilinda. Sijathubutu kuuliza, kwa sababu swali lenyewe lingekuwa jibu.

Yule mama huniandikia kila mwezi kwenye simu, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka: Hujambo dada, anaendeleaje mdogo wetu? Huandika hivyo, mdogo wetu. Namjibu kwamba anaendelea vizuri, tunashukuru. Wiki iliyopita simu ilikuwa mezani na mdogo wangu akaona ni nani.

"Usimujibu," alisema. "Yule mutu alikula kazi yangu."

Nilikuwa nakata kitunguu. Nilisema, "Sawa," nikaigeuza simu.

Nimeandika haya kwa Kiswahili. Mtabibu akikutana nayo atayasoma yote, na atajua kwamba nimesema zaidi ya nilivyowaambia wale walionihoji. Mdogo wangu Kiswahili anakisikia na kukisema tu, hakisomi. Yeye itabidi nimketishe kwenye lile kochi nimwambie kwa mdomo wangu nani alifungua kinywa pale kwenye korido, na nani alileta daftari kabla ya hapo. Leo asubuhi tumekunywa chai pamoja, dakika arobaini, yeye na mimi tu. Tumezungumzia hali ya hewa.